Wellcome na Neno Lililomponyoka

Jina la Henry Wellcome ni nadra kutajwa barazani petu, ingawa wengi wetu tumemeza dawa kwa mtindo alioueneza yeye. Alizaliwa mwaka 1853 huko Wisconsin, Marekani, katika kibanda cha magogo, akakulia Minnesota ambako ami yake alikuwa na duka la dawa. Biashara yake ya kwanza, akiwa na miaka 16, ilikuwa wino usioonekana. Yalikuwa maji ya limau tu!

Baada ya kuhitimu ufamasia Philadelphia, aliungana na Mmarekani mwenzake, Silas Burroughs, wakaanzisha kampuni jijini London mwaka 1880. Wakati huo dawa nyingi zilikuwa unga na maji yaliyochanganywa kwa mkono, na kipimo kilitegemea uangalifu wa mwuzaji. Wao walileta vidonge vilivyoshindiliwa kwa mashine, kila kimoja kikiwa na kipimo kile kile.

Kinachonivuta mimi, mwanaisimu, ni jina. Mwaka 1884 Wellcome alisajili neno "Tabloid", alilolibuni kwa kuunganisha tableti na alkaloidi. Mwaka 1903 alilitetea mahakamani na akashinda. Lakini umma ulikuwa umekwisha kulitwaa, ukalivika magazeti madogo yenye habari fupifupi. Hakimu hana amri juu ya ndimi za watu.

Rafiki yake Stanley alipokwenda kumwokoa Emin Pasha, 1887 hadi 1889, alichukua masanduku ya dawa ya kampuni hiyo, nayo kampuni ikajitangaza kwa safari hiyo miaka mingi. Wapagazi waliotwaliwa Unguja, ambao wengi wao hawakurudi, hawakuwa na nafasi katika matangazo hayo. Faida ile ina deni kwetu, na sioni haya kulitaja.

Burroughs alifariki mwaka 1895, urafiki wao ukiwa umekwisha kuchacha, na Wellcome akabaki mmiliki pekee. Alipofariki mwaka 1936, wasia wake uliikabidhi kampuni yote kwa wadhamini, ili faida igharimie utafiti wa afya ya binadamu na wanyama. Kampuni ilinunuliwa na Glaxo mwaka 1995, na kufikia mwisho wa 2000 jina la Wellcome lilikuwa limefutwa kwenye lango lake. Wadhamini wangalipo. Tangu mwaka 1989 fedha zao zimesaidia watafiti wa KEMRI kule Kilifi kuichunguza malaria inayowaua watoto wa pwani ile ile walikotoka wapagazi.