Robert Koch na Adui Aliyejificha

Niliposema nitaandika maisha ya mtu mashuhuri, wengi walidhani nitamleta Mekatilili. Huyo hapa Kakuyuni tunamjua sana. Mimi nimemchagua Mjerumani, Robert Koch. Sababu itazame kwenye mkono wako wa kushoto: lile kovu dogo la chanjo ya kifua kikuu.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 mjini Clausthal, akawa daktari wa wilaya tu. Lakini tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, aliwaonyesha wataalamu kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Kabla ya hapo wengi walidhani ugonjwa huu ni wa kurithi.

Sasa sikiliza. Mwaka 1890 alitangaza dawa, tuberkulini, aliyoitoa kwenye vijidudu vyenyewe. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Wapi! Haikuponya, na wengine walikufa. Naona mimi, alikosa kwa kutangaza mapema huku akificha ilivyotengenezwa. Hata hivyo aliona jambo: mwenye vijidudu mwilini akidungwa, mwili wake hushtuka.

Leo tunajua kwa nini. Seli za ulinzi humeza vijidudu, lakini hivi ni vikaidi, havifi ovyo. Huishi humo humo ndani ya seli iliyovimeza. Basi seli nyingine huja kuzingira, zikajenga kama boma, na adui hukaa kifungoni miaka na miaka bila mtu kuugua. Mwili ukidhoofika, kwa mfano kwa UKIMWI, boma hubomoka. Tena kuna seli zisizosahau: zikikutana na tuberkulini chini ya ngozi, hukusanyika, na baada ya siku 2 au 3 mkono huvimba. Hivyo dawa iliyoshindwa ikageuka kipimo, na kingali kinatumika.

Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata alikuja huku kwetu Afrika Mashariki, visiwa vya Sese nchini Uganda, akatibu malale kwa dawa yenye aseniki. Baadhi ya wagonjwa walipofuka. Hilo nalo lisemwe, tusimsifu tu.

Alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden. Chanjo iliyotuachia kovu ilianza kutolewa Ufaransa mwaka 1921, miaka 11 baada yake.