Job Maseko: askari asiye na bunduki aliyezamisha meli kwa kopo la maziwa

Tunapotaja Vita Kuu ya Pili ya Dunia katika vipindi vyetu, wasikilizaji wengi huwakumbuka babu zao wa KAR waliokwenda Burma na bunduki begani. Leo tunamsimulia Mwafrika mwingine wa vita hivyo hivyo, ambaye jeshi lake halikutaka ashike bunduki.

Job Maseko alitokea Springs, mji wa machimbo ya dhahabu mashariki ya Johannesburg. Kabla ya vita alikuwa akipeleka bidhaa kwa wateja, na kazi ya mgodini ilikuwa imemfundisha mambo ya baruti. Alipojiandikisha jeshini aliingizwa kwenye kikosi cha watu weusi, Native Military Corps. Serikali ya Afrika Kusini iliwataka weusi wawe madereva, wapishi, wabeba machela na wachimba mahandaki. Waliowekwa lindo walipewa mikuki. Mikuki, katika vita vya vifaru!

Tarehe 21 Juni 1942 mji wa Tobruk, Libya, uliangukia mikononi mwa majeshi ya Rommel. Jenerali Hendrik Klopper wa Afrika Kusini alisalimu amri, na watu wapatao 33,000 wakawa mateka, Maseko akiwa mmoja wao. Wazungu walisafirishwa kupelekwa Ulaya. Weusi wengi walibakizwa Afrika Kaskazini wafanyishwe kazi, na Maseko akapangiwa kupakia na kupakua mizigo bandarini.

Hapo ndipo adui alipokosea. Mtu anayebeba mizigo kila siku hakuna anayemtazama. Maseko alichukua kopo tupu la maziwa, akalijaza baruti aliyoitoa kwenye risasi, akatafuta utambi mrefu. Mnamo tarehe 21 Julai, mwezi mmoja tu tangu atekwe, alilificha kopo hilo katikati ya mapipa ya petroli ndani ya meli iliyojaa shehena. Wenzake waliwashughulisha walinzi. Kazi ya siku ilipokwisha aliuwasha utambi, akafunga mlango wa ngama, akaondoka pamoja na wengine kana kwamba hakuna kitu. Baadaye mlipuko ulisikika, meli ikawaka moto na kuzama. Angegunduliwa, angeuawa.

Sehemu inayofuata sisi watu wa redio tunaipenda zaidi. Maseko aliokota redio mbovu ya Wajerumani, akaitengeneza, na kupitia redio hiyo akasikia kwamba majeshi ya Montgomery yameshinda El Alamein. Alitoroka, akatembea jangwani wiki tatu, akipita katikati ya adui hadi kuwafikia wenzake.

Lansi Koplo Maseko alitunukiwa Nishani ya Kijeshi, Military Medal. Neville Lewis, mchoraji rasmi wa vita aliyechora picha yake, alisimulia baadaye kwamba Maseko alipendekezwa kupewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, ila akanyimwa kwa kuwa ni mweusi. Kwa jeshi lililomnyima hata bunduki, sisi hatuoni ugumu wa kuliamini hilo. Jamaa zake wameendelea kuidai nishani hiyo hadi miaka ya karibuni.

Vita vilipokwisha, wanajeshi weusi wengi wa Afrika Kusini waliagwa kwa baiskeli na jozi ya viatu. Maseko alirudi Springs, akaishi kimaskini. Mwaka 1952 aligongwa na treni akafa. Fedha za kumzika zilikopwa.

Leo kuna shule ya msingi yenye jina lake huko KwaThema, karibu na Springs. Na mwaka 1997 jeshi la majini la Afrika Kusini liliondoa jina la waziri wa enzi za ubaguzi kwenye meli yake moja ya makombora, likaiita SAS Job Masego.