Mtakatifu Antoni wa Misri, Askari wa Kristu

Enyi wakatekumeni wapendwa, siku ya Ubatizo wenu, kabla ya kumwagiwa maji matakatifu, padri atawauliza kama mnamkataa Shetani, na kazi zake zote, na fahari zake zote. Nanyi mtajibu kwamba mnamkataa. Maneno hayo ni mafupi, hata mtoto aweza kuyashika. Lakini ni maneno ya vita. Mtu anayeyasema ametangaza mbele ya Mungu na mbele ya Eklezia kwamba tangu siku hiyo ana adui, wala hatafanya naye mapatano tena.

Je, adui huyo asiyeonekana atapigwa namna gani? Wako watu wanaomwogopa kupita kiasi, hata huvaa medali ya Bikira Maria shingoni na hirizi kiunoni, na usiku humwendea mfumu kwa siri. Wako wengine wanaomdharau, wakidhani kwamba habari zake ni hadithi za kutishia watoto. Wote wawili wanapotea. Basi leo tutasimulia maisha ya mtu aliyepigana na Shetani kwa muda wa miaka zaidi ya 80, asimwogope wala asimdharau. Ndiye Mtakatifu Antoni, baba wa wamonaki.

Kijana aliyesikia Evanjili

Antoni alizaliwa katika bara letu hili la Afrika, nchini Misri, karibu na mwaka 251, katika kijiji kiitwacho Koma. Wazazi wake walikuwa wakristu wenye mali. Yeye hakujifunza kusoma. Lakini kila alipokwenda kanisani alitega masikio, akayaweka moyoni maneno ya Mungu yaliyosomwa, hata kumbukumbu yake ikawa kwake badala ya vitabu. Basi, asikate tamaa mkatekumeni asiyejua kusoma.

Alipokuwa na umri wa miaka 18 au 20, baba na mama yake walifariki. Akaachiwa dada mdogo wa kumlea, na mashamba mazuri yapata hektari 80. Haikupita miezi sita, siku moja akaingia kanisani wakati wa kusomwa Evanjili. Ilisomwa habari ya yule kijana tajiri, ambaye Bwana Yesu alimwambia auze mali yake, awape maskini, kisha amfuate. Antoni aliona kwamba neno lile limesomwa kwa ajili yake. Akatoka, akawagawia watu wa kijiji mashamba yake, akauza vitu vya nyumbani, akawapa maskini fedha, akabakiza kidogo tu kwa ajili ya dada yake. Siku nyingine alisikia tena kanisani kwamba tusisumbukie ya kesho. Akagawa na hicho kidogo kilichobaki. Dada yake akamweka katika ulinzi wa mabikira wakristu waliojulikana kwa uaminifu wao, naye mwenyewe akaanza maisha ya sala karibu na kijiji. Alifanya kazi kwa mikono yake apate chakula chake na cha kuwapa wahitaji. Akawatembelea watu wema wa jirani, akajifunza kwa mmoja upole, kwa mwingine kufunga, kwa mwingine kukesha katika sala.

Vishawishi vya kwanza

Shetani hakupendezwa kumwona kijana akitembea katika njia hiyo. Lakini angalieni werevu wake! Hakuanza kwa kumtisha. Alianza kwa kumletea mawazo yanayofanana na busara. Alimkumbusha mashamba aliyoyaacha, na dada yake, na undugu wa ukoo. Akamwonyesha utamu wa chakula na sifa za watu. Akamfikirisha kwamba njia ya wema ni ngumu, kwamba mwili ni dhaifu, kwamba miaka iliyo mbele ni mingi. Aliposhindwa kwa hayo, akamletea tamaa za mwili mchana na usiku.

Antoni alijikinga kwa sala, kwa kufunga na kwa kukumbuka hukumu ya Mungu. Alikula mara moja kwa siku baada ya jua kutua, mkate na chumvi tu, akanywa maji. Hakubishana na mawazo mabaya kana kwamba ni wageni wa kukaribishwa barazani. Aliyafukuza mlangoni. Tena hakujisifu kwamba ameshinda, kwa maana alijua ya kuwa neema ya Kristu ndiyo iliyoshinda ndani yake.

Usiku wa makaburini

Kisha Antoni akaenda kukaa makaburini, mbali kidogo na kijiji, mahali ambapo watu waliogopa kupita. Makaburi ya Misri yalikuwa kama vyumba. Akajifungia katika kaburi moja, rafiki yake akamletea mkate mara kwa mara. Hapo pepo wabaya wakamshambulia usiku, wakampiga vibaya sana hata akaanguka chini, asiweze kusema. Kesho yake rafiki yake alimkuta kama maiti. Akambeba mpaka kanisani kijijini, na jamaa wakaketi kumzunguka kama watu wanaokesha matanga. Usiku wa manane Antoni akazinduka. Akaona wote wamelala isipokuwa rafiki yule. Akamwita kwa ishara, akamwomba ambebe tena, amrudishe kaburini bila kumwamsha mtu.

Hakuweza kusimama kwa sababu ya majeraha, akasali akiwa amelala. Ndipo pepo wakaja mara ya pili, safari hii kwa sura za simba, chui, mafahali, nyoka na nge, kwa makelele ya kutikisa kuta. Antoni aliumia mwilini, lakini moyo wake ulikesha. Aliwaambia kwamba kama wangekuwa na nguvu kweli, angetosha mmoja wao tu. Kuja kwao kwa wingi na kwa sura za wanyama ni alama ya udhaifu wao, kwa maana Bwana amewavunja nguvu.

Mara akaona paa kana kwamba limefunguka na nuru ikimshukia. Pepo wakatoweka, maumivu yakaisha. Antoni akatambua kwamba Bwana amefika, akamwuliza alikuwa wapi tangu mwanzo, na kwa nini hakuja mapema kumwondolea mateso. Akajibiwa kwamba Bwana alikuwapo pale pale wakati wote, akingoja kuona mapigano yake, na kwa sababu alivumilia, atamsaidia siku zote. Enyi ndugu, likumbukeni jibu hilo siku mtakaposali na kuona giza tu. Kristu yupo.

Miaka 20 ngomeni

Wakati ule Antoni alikuwa na miaka kama 35. Akavuka mto Nili, akaingia katika ngome ya kale iliyoachwa jangwani, akaziba mlango. Akakaa humo peke yake karibu miaka 20, akiletewa mkate mara mbili tu kwa mwaka. Watu waliomjia walisikia kelele ndani kama za kundi la watu wanaogombana. Walipochungulia katika tundu hawakuona mtu, wakaogopa. Antoni akawaagiza wafanye ishara ya Msalaba na kwenda zao kwa amani.

Karibu na mwaka 305 rafiki zake walivunja mlango, naye akatoka. Walidhani watamwona mtu aliyekonda na kupotewa na akili. Wakamwona mzima wa mwili, mtulivu wa roho, asiyefadhaika kwa kuona umati wala kufurahia sifa zao. Vijana wengi wakamfuata, na jangwa likajaa wamonaki.

Mafundisho yake juu ya pepo

Antoni aliwafundisha hao kutoka katika yale aliyoyapata mwenyewe. Aliwafundisha kwamba malaika mwema, hata akimshtusha mtu mwanzoni, humwachia furaha na amani. Lakini pepo mbaya huacha fadhaa, chuki na huzuni. Aliwaambia pia wasistaajabie uaguzi. Pepo huona mtu ameanza safari, naye hukimbia mbele kutangaza kwamba mgeni anakuja. Huona mvua zimenyesha Etiopia, kisha husema Misri kwamba mto Nili utafurika. Huo si unabii. Mtu mwenye mbio angeweza kufanya vivyo hivyo. Mwisho wake ni kuwavuta watu wamwamini, kisha awatawale. Basi, mfumu akitaja jambo likatokea, mkristu asishangae wala asimfuate.

Tena aliwasimulia kwamba siku moja mmoja mwenye umbo refu alibisha mlangoni pake akajitambulisha kuwa ni Shetani. Akalalamika kwamba wakristu wanamlaani bure, kwa maana wao wenyewe ndio wanaojisumbua, na yeye amekwisha kuwa dhaifu. Antoni akastaajabu kwamba mwongo yule kwa mara moja amesema kweli. Akalitaja jina la Kristu, na yule akatoweka.

Lifikirini sana neno hilo. Mtoto akifa, au mavuno yakikosa, mara nyingi watu huanza kumtafuta mlozi, na anayeshitakiwa huwa mama mzee asiye na wa kumtetea. Antoni aliwajua pepo kuliko watu wote wa wakati wake. Lakini katika habari za maisha yake hatumwoni akimsingizia jirani ulozi. Adui alimtafuta mahali pake, yaani katika majaribu ya moyo wake mwenyewe. Wagonjwa walipoletwa kwake aliwaombea. Wengine walipona, wengine hawakupona. Hakujisifu kwa wale wala hakunung'unika kwa hawa, akisema kwamba kuponya ni kazi ya Mungu peke yake. Mtu anayemchukia jirani yake kwa kuogopa ulozi, huyo amekwisha kumfungulia Shetani mlango wa nyumba.

Ushujaa mbele ya watu

Mwaka 311, kaisari Maksimino alipowatesa wakristu, Antoni aliacha jangwa, akashuka mpaka mji wa Aleksandria. Aliwahudumia waliofungwa gerezani na waliohukumiwa kufanya kazi migodini, akawatia moyo mbele ya mahakama. Hakimu akaamuru wamonaki wasionekane tena barazani. Wengine wakajificha. Antoni akafua vazi lake, na kesho yake akasimama mahali pa juu ambapo liwali angemwona. Alitamani kufa shahidi, lakini Mungu alimhifadhi kwa ajili ya wengine.

Baadaye alisafiri siku tatu jangwani, akakaa chini ya mlima karibu na Bahari ya Shamu. Wanafunzi wake walitaka kumletea chakula. Yeye aliomba wamletee jembe, shoka na mbegu, alime mwenyewe, asimlemee mtu. Kaisari Konstantino alimwandikia barua, lakini hakujivuna, kwa maana kaisari naye ni mtu. Na Waario walipokana Umungu wa Bwana wetu, mzee huyo alishuka tena Aleksandria kuitetea imani ya kweli.

Alifariki mwaka 356, akiwa na umri wa miaka 105. Aliagiza wanafunzi wawili wamzike kwa siri, mwili wake usiheshimiwe kupita kiasi. Mali yake yote ilikuwa nguo chache. Askofu Atanasi wa Aleksandria aliandika maisha yake, na kitabu hicho kikafika mbali. Mwaka 386, katika mji wa Milano, Augustino alisimuliwa habari za Antoni, akachomwa moyo, akaongoka, naye akawa mtakatifu mkubwa. Hata leo monasteri yenye jina la Antoni ingali ipo chini ya mlima ule, na Eklezia humkumbuka tarehe 17 Januari.

Basi, enyi wakatekumeni, silaha za Antoni ni zenu pia. Fanyeni ishara ya Msalaba kwa imani asubuhi na jioni. Jioni mjiulize mmetenda nini na kuwaza nini, kama Antoni alivyowaagiza wanafunzi wake wajichunguze. Wazo baya likija, lifukuzeni mapema. Aliye na hirizi nyumbani aitupe leo, asingoje siku ya Ubatizo. Aliye na chuki kwa jirani aende kupatana naye kabla jua halijatua. Na hofu ikiwajia usiku, kumbukeni kaburi lile la Misri, na Yule aliyekuwa humo tangu mwanzo.

Mtakatifu Antoni, utuombee.