Elizabeth Hughes Gossett

Elizabeth Evans Hughes Gossett (Albany, New York, 19 Agosti 1907 – Aprili 1981) alikuwa Mmarekani anayekumbukwa kama mmojawapo wa wagonjwa wa kwanza wa kisukari duniani kutibiwa kwa insulini. Alipofikishwa Toronto, Kanada, mwezi Agosti 1922 alikuwa anakaribia kutimiza miaka 15, na uzito wake ulikuwa takriban kilo 20 tu. Aliishi miaka 58 zaidi.

Familia

Elizabeth alikuwa kitinda mimba kati ya watoto wanne wa Charles Evans Hughes na mkewe Antoinette Carter. Alizaliwa wakati baba yake akiwa gavana wa jimbo la New York. Baadaye baba huyo alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, akagombea urais mwaka 1916 na kushindwa na Woodrow Wilson, akawa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1921 hadi 1925, na hatimaye Jaji Mkuu wa nchi kuanzia 1930 hadi 1941. Dada mkubwa wa Elizabeth, Helen, alifariki mwaka 1920 kwa kifua kikuu. Kwa hiyo wazazi walimzika binti mmoja wakati mwingine akiwa tayari anadhoofika mbele ya macho yao.

Ugonjwa na tiba ya njaa

Mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka 11, Elizabeth aligunduliwa kuwa na kisukari, cha aina ambayo leo huitwa aina ya 1. Katika aina hii kongosho halitengenezi insulini, ambayo ni homoni inayowezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika misuli na mafuta ya mwili. Sukari hujaa katika damu na kupotea kwa njia ya mkojo, huku seli zenyewe zikikosa chakula. Mgonjwa hushikwa na njaa kali na kiu isiyokatika, hula sana, na bado hukonda, kwa sababu mwili huanza kuyeyusha mafuta na misuli yake wenyewe ili kupata nguvu. Mafuta yakiyeyuka kwa wingi bila insulini, damu hujaa asidi ziitwazo ketoni, na mgonjwa huzimia na kufa. Kabla ya 1922 watoto wengi walikufa katika muda wa miezi michache au mwaka mmoja au miwili baada ya kugunduliwa.

Wazazi walimpeleka kwa daktari Frederick Allen, aliyekuwa mtaalamu mashuhuri wa kisukari nchini Marekani wakati huo. Allen alikuwa ameona kwamba mgonjwa akila kidogo sana, sukari hutoweka katika mkojo na maisha huongezeka kidogo. Tiba yake ilikuwa kumfungisha mgonjwa mpaka mkojo uwe safi, kisha kumrudishia chakula kidogo kidogo na kuacha pale sukari inapoonekana tena. Mboga zilichemshwa mara tatu na maji yake kumwagwa ili wanga upungue. Kila kilicholiwa kilipimwa kwenye mizani.

Elizabeth alianza tiba hiyo akiwa na uzito wa takriban kilo 34. Kwa wiki kadhaa alipewa kilokalori 400 hadi 600 kwa siku, na siku moja kila wiki alikaa na njaa karibu kabisa. Uzito ulishuka hadi kilo 25 hivi. Baadaye aliongezewa kiasi, lakini hakufikia hata nusu ya kile anachokula msichana mzima wa umri wake. Muuguzi Blanche Burgess aliishi naye na kusimamia kila mlo. Siku moja ya kuzaliwa kwake, keki ilikuwa boksi la kofia lililofunikwa kwa karatasi ya rangi, na mishumaa juu yake.

Ni rahisi kumlaumu Allen leo, na baadhi ya wagonjwa wake kweli walikufa kwa njaa badala ya kisukari. Hata hivyo hakukuwa na njia nyingine iliyofanya kazi. Elizabeth alikuwa mgonjwa mtiifu kuliko wengi. Aliandika barua nyingi kwa mama yake, akisimulia vitabu alivyosoma na ndege aliowaona, na alistahimili njaa kwa zaidi ya miaka mitatu. Kama angekula kama alivyotamani, hangekuwa hai mwaka 1922.

Toronto

Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya J.J.R. Macleod kwenye Chuo Kikuu cha Toronto, walipata majimaji kutoka kongosho la mbwa yaliyoshusha sukari ya damu. James Collip aliyasafisha, na mwezi Januari 1922 yalitumika kwa mara ya kwanza kwa mvulana aitwaye Leonard Thompson. Habari zilienea upesi, lakini dawa ilikuwa haba mno. Kwa wiki kadhaa za mwaka huo watafiti walishindwa kabisa kuitengeneza kwa kiasi cha kutosha.

Antoinette Hughes alimwandikia Banting mapema mwezi Julai 1922 kumwombea binti yake. Banting alikataa kwa kuwa dawa haikuwepo. Wakati huo kampuni ya Eli Lilly ya Indianapolis ilikuwa imeanza kusaidia utengenezaji, na wiki chache baadaye Banting alikubali kumpokea. Ni vigumu kuamini kwamba jina la Waziri wa Mambo ya Nje halikusaidia. Lakini majira hayohayo alipokewa pia Teddy Ryder, mtoto wa miaka 5 ambaye baba yake hakuwa waziri. Watoto wengine waliokuwa wakisubiri walikufa kabla dawa haijawafikia.

Banting alipompima Elizabeth alimkuta na urefu wa takriban sentimita 150 na uzito wa kilo 20. Misuli ilikuwa imekwisha, nywele zilikuwa chache, tumbo limetokeza, na aliweza kutembea kwa shida tu. Sindano zilianza mara moja. Mkojo ulisafika, na Banting akafanya jambo ambalo Allen hakuweza kulifanya: alimwamuru ale. Katika wiki ya kwanza chakula kilifika kilokalori 1,220 kwa siku, na katika wiki iliyofuata 2,200. Elizabeth alikula mkate na viazi, vyakula alivyokuwa amenyimwa tangu 1919, na barua zake za wakati huo zimejaa habari za chakula.

Uzito ulirudi kwa kasi ya zaidi ya kilo moja kwa wiki. Kufikia mwanzoni mwa 1923 ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule aliofika nao Toronto, na alianza tena kurefuka.

Tiba hiyo ilikuwa na taabu zake. Insulini ya mwanzo haikuwa safi. Sindano ziliuma na kuacha uvimbe, na nguvu ya dawa ilitofautiana kutoka chupa moja hadi nyingine. Kipimo kikizidi, sukari ya damu ilishuka mno, na mgonjwa alitetemeka, akatokwa na jasho na kushikwa na njaa ya ghafla. Elizabeth alijifunza kujidunga mwenyewe na kukaa na kitu kitamu karibu. Mwishoni mwa Novemba 1922 alirudi nyumbani.

Insulini na uzito

Kisa cha Elizabeth hutajwa mara nyingi kueleza kwa nini insulini huongeza uzito. Insulini ni homoni ya kuweka akiba: husukuma sukari ndani ya seli, husaidia kujenga misuli na huzuia mafuta yasiyeyuke. Sukari iliyokuwa ikipotea na mkojo hubaki mwilini. Kwa mtu aliyekonda kwa kukosa homoni hiyo, kuongezeka uzito ni kupona. Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya 2 ambaye tayari ni mnene, jambo hilohilo ni tatizo, na dawa za kundi la sulfonilurea, zinazochochea kongosho kutoa insulini, nazo huongeza uzito. Metformini kwa kawaida haiongezi. Semaglutidi na dawa za jamii yake hupunguza hamu ya kula na kuchelewesha chakula tumboni, hivyo wengi hupungua uzito. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kuchukua nafasi ya insulini katika aina ya 1, na mgonjwa wa aina hiyo anayepunguza sindano ili akonde hurudi katika hali ileile aliyokuwa nayo Elizabeth kabla ya Agosti 1922.

Maisha ya baadaye

Elizabeth alihitimu katika Chuo cha Barnard, New York, mwaka 1929. Mwaka 1930 aliolewa na mwanasheria William T. Gossett, ambaye baadaye alikuwa makamu wa rais wa kampuni ya Ford na rais wa Chama cha Wanasheria wa Marekani. Walipata watoto watatu na waliishi katika jimbo la Michigan. Alikuwa rais wa kwanza wa Jumuiya ya Historia ya Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1974.

Ugonjwa wake aliuficha. Magazeti yalikuwa yameandika habari zake alipokuwa Toronto, na hakupenda. Alipokuwa mtu mzima aliharibu sehemu kubwa ya kumbukumbu zilizohusu kisukari chake na kuondoa habari hizo katika karatasi za baba yake, na wengi waliomfahamu hawakujua kwamba hujidunga kila siku. Inakadiriwa kwamba alijidunga sindano zipatazo 42,000.

Mwaka 1980 mwanahistoria Michael Bliss wa Toronto, aliyekuwa akiandika historia ya insulini, aligundua kwamba bado yu hai na akazungumza naye. Elizabeth alifariki mwezi Aprili 1981 akiwa na umri wa miaka 73, na kitabu cha Bliss kilitoka mwaka uliofuata. Barua alizomwandikia mama yake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Toronto.