Samuel Colt, Bwana wa Bastola

Ndugu msomaji, usishtuke kuona mtengenezaji wa silaha katika jarida letu. Hata mimi nilisita. Mwenzangu tunayeketi naye dawati moja alimpoteza babake mwaka juzi kwa risasi ya majambazi. Nilipomwambia ninaandika habari za Samuel Colt, alinyamaza, kisha akaniuliza ati mtu kama huyo anasifiwa kwa lipi. Basi soma, nawe uamue.

Colt alizaliwa tarehe 19 Julai 1814 mjini Hartford, Marekani. Mwaka wa 1830 alisafiri kwa merikebu hadi Calcutta, Bara Hindi. Alikuwa na miaka kumi na sita, rika langu hasa! Safarini alichonga kwa mti mfano wa bastola yenye silinda inayozunguka. Alipotengenezewa ya chuma ikajaribiwa, ililipuka. Si mchezo! Ili apate pesa, alizunguka mijini akiwavutisha watu hewa ya kuchekesha kwa kiingilio. Mwaka wa 1836 serikali ya Marekani ilimpa haki ya uvumbuzi wake, lakini kiwanda chake cha Paterson kikafungwa mwaka wa 1842.

Mvumilivu hula mbivu. Mwaka wa 1847, wakati wa vita na Meksiko, serikali iliagiza bastola 1,000. Kumbe hakuwa na kiwanda! Akaziundisha katika kiwanda cha Whitney. Mwaka wa 1855 alifungua kiwanda kikubwa Hartford, akatajirika. Aliaga dunia tarehe 10 Januari 1862, akiwa na miaka 47.

Bastola yake ya mwaka wa 1851, iitwayo Navy, ilitengenezwa zaidi ya 200,000. Ilitumia baruti nyeusi. Kwenye ncha ya mtutu kulisimama kijipande cha shaba, kidogo kuliko punje ya hindi. Mlengaji hukipanga sawa na pengo lililokatwa kwenye nyundo ya bastola. Tangu mwisho wa miaka ya 1950, Waitaliano wameunda nakala zake kwa wapenda historia na mashindano ya shabaha. Nyingi hupiga juu, kwa kuwa kijipande kile ni kifupi: mlengaji huinua mtutu mno ili akione. Mafundi huking'oa, huweka kirefu zaidi, kisha hukipiga tupa kidogo kidogo mpaka risasi itue panapolengwa. Kisipokazwa vizuri, mshtuko wa baruti hukirusha. Kwa hivyo hufinya chuma kandokando ya tundu, ama hutia lehemu. Mjomba wangu, fundi wa jua kali, alinionyesha ukazaji huo kwa mpini wa sufuria uliolegea, nikaelewa.

Hapo nikawaza sana. Colt alitumia miaka mingi kufanya risasi zifuatane haraka. Ziende wapi, hilo aliliachia kijipande cha shaba na jicho la aliyeshika. Tena aliuza Kaskazini na Kusini mwa nchi yake hadi vita vyao vilipoanza mwaka wa 1861. Hilo simsifu. Ninachosifu ni ule moyo wa kuanguka na kuinuka.

Mwenzangu alisoma haya kabla sijayapeleka kwa mwalimu. Alikubali kwamba Colt alikuwa na bidii, ila akasema angefurahi zaidi kama bidii hiyo ingeunda pampu ya maji. Sikuwa na jibu. Wewe je?