McGregor: Muuza vitambaa aliyechoshwa na viporo

SHABIKI wa Kingolwira anayekwenda Morogoro mjini kucheki mechi Uwanja wa Jamhuri huangalia ratiba kwanza. Ratiba hiyo ina baba yake: William McGregor, Mskochi aliyezaliwa Braco mwaka 1846, akahamia Birmingham na kufungua duka la vitambaa.

Kiongozi huyo wa Aston Villa alikuwa na kero moja. Tangu mwaka 1885 klabu za Uingereza ziliruhusiwa kulipa wachezaji, lakini mechi za kirafiki zilifutwa hovyo kupisha za kombe. Mashabiki waliachwa solemba, mapato yakayeyuka, mishahara ikasubiri. Machi 2, 1888, McGregor aliziandikia barua klabu kadhaa, akizitaka zicheze nyumbani na ugenini kwa ratiba isiyovunjwa.

Timu 12 zilikubali. Ligi ikaanza Septemba 8, hata namna ya kuhesabu pointi haijapitishwa! Ilipitishwa Novemba: ushindi pointi mbili, sare moja. Preston North End ikabeba ndoo bila kufungwa katika mechi 22, ikiwa na pointi 40. Villa ilishika nafasi ya pili, nyuma kwa pointi 11. Mwenye wazo akatoka kapa.

McGregor alifariki Desemba 20, 1911. Ligi ya Tanzania ilianza 1965, bingwa akiwa Sunderland, Simba ya leo. Mwaka 1975 Mseto ikalileta kombe Morogoro, mara ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam.

Viporo vikirundikana leo, ugonjwa ni ule ule uliomshikisha kalamu muuza vitambaa.