Tommy Morris: Dogo aliyebeba mkanda jumla

UKILITAJA jina Morris kule England, wapo watakaofikiria ngoma ya asili ya vijijini kwao, ile ya watu waliofunga njuga miguuni wakipunga vitambaa. Lakini ukiingia kwenye gofu, Morris ni baba na mwana kutoka Scotland, wote wakiitwa Tom.

Sisi watu wa soka tunajua Brazil walivyopewa Kombe la Jules Rimet jumla mwaka 1970, baada ya kulitwaa mara tatu. Sasa sikia hii: miaka 100 kabla yao, kuna dogo alishafanya kitu kama hicho peke yake.

Tom mdogo, maarufu kama Tommy, alizaliwa St Andrews mwaka 1851. Mzee wake alikuwa mtunza viwanja na bingwa mara nne wa mashindano makubwa ya The Open. Enzi hizo zawadi ilikuwa mkanda wa ngozi nyekundu, na kanuni ni moja tu: ukiuchukua mara tatu mfululizo, wako milele.

Mwaka 1868, pale Prestwick, Tommy akautwaa akiwa na miaka 17 tu. Aliyeshika nafasi ya pili? Baba yake mzazi! Mwaka 1869 akarudia. Mwaka 1870 akamaliza mashimo 36 kwa mikwaju 149, akiwaacha waliomfuata kwa mikwaju 12. Mkanda ukaenda nyumbani moja kwa moja.

Mwaka 1871 mashindano hayakufanyika, maana zawadi ya kushindania ilikuwa imeshaondoka na mwenyewe. Yaliporejea 1872, bingwa akawa yuleyule, na jina lake ndilo la kwanza kuchongwa kwenye kombe la fedha linalogombewa hadi leo. Mara nne mfululizo, na hadi sasa hakuna mwingine aliyeweza.

Novemba 1874 akamuoa Margaret. Septemba iliyofuata, Tommy na mzee wake walikuwa North Berwick wakipepetana na ndugu wawili, Willie na Mungo Park. Ikaja telegramu: Margaret anajifungua na hali yake ni mbaya. Walishinda mechi, wakapanda chombo kuvuka ghuba. Hadi wanafika nyumbani, mama na mtoto walishafariki.

Tommy alirudi uwanjani, akacheza hata kwenye theluji, lakini hakuwa yule tena. Siku ya Krismasi 1875 naye akafariki, akiwa na miaka 24. Wengi waliamini ni majonzi.

Mzee Tom aliishi hadi 1908, na kwa miaka mingi aliendelea kutunza nyasi za St Andrews, jirani na kaburi la mwanaye.

Mkanda Tommy aliupata milele. Ndoa yake haikutimiza hata mwaka.